Nyundo ya Kike na Mume Wake

Nyanga, Bukoba
4 Februari 2024

Mnada ni uuzaji wa hadharani ambamo bei haipangwi na anayeuza bali hupandishwa na wanaonunua, na ambao hukoma pale anayekitaka kitu kuliko wote anapobaki peke yake. Nakuomba, shemeji Renatha, uisome sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuendelea. Ndani yake hamna neno linalosema kwamba anayeuza lazima awe mwenye mali. Hilo hudhaniwa tu.

Sasa nikusalimu. Huku hatujambo. Joviana wangu presha yake imetulia tangu aache chumvi, ingawa hasira zimeongezeka kwa kiwango kilekile. Kahawa tuliyoanika imenyeshewa mara mbili. Mimi mwenyewe, tangu nistaafu kufundisha mantiki, sina ugonjwa zaidi ya kukosa wa kubishana naye.

Jambo lenyewe ni hili. Unamfahamu Jayesh, yule mwenye duka la vyombo karibu na soko, ambaye ndugu zake karibu wote wamehama Bukoba. Yeye hukusanya saa za kale, na kwa miaka mingi amekuwa akipanda dau kwa mtandao katika nyumba za mnada za Ulaya. Juzi alinionyesha orodha ya vitu vitakavyonadiwa Juni. Kati ya ngao na vinyago niliona nyundo ya mhunzi, pande la chuma lisilo na mpini, lenye kiuno chembamba na pete ya shaba shingoni. Pete hiyo imefungwa kwa fundo la kushoto. Katika ukoo wetu wa wahunzi ni babu peke yake aliyefunga hivyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa mkono wa kushoto.

Ni nyundo ya kike, iliyopotea nyumbani kwetu Ngenge wakati wa vita, watu walipokimbia na kurudi. Sina shaka hata kidogo.

Tangu tumzike kaka yangu, wewe ndiye mlinzi wa nyumba ya baba na wa nyundo ya kiume iliyobaki. Naomba uipime urefu, unene wa kiuno na upana wa uso, uniletee vipimo. Nitazungumza na nyumba hiyo ya mnada na kuwathibitishia kwamba wanachouza ni mali ya watu. Wazee wa ukoo usiwaambie bado.

Nampa Avit barua hii, lori lake litakapokuja kubeba ndizi huko kwenu.

Shemeji yako,
Projestus


Ngenge, Muleba
25 Februari 2024

Shemeji yangu Projestus,

Tumsifu Yesu Kristo. Katika ukoo huu ni wewe tu unayeweza kumfafanulia mjane mnada kabla ya kumuuliza kama ameamka salama. Nimeamka salama, waitu, ndugu yangu. Ningekupigia simu nikucheke vizuri, lakini huku mtandao unapatikana juu ya kichuguu cha mama Asha pekee, na ukisimama pale kijiji kizima kinakuitikia.

Ephrasia amejifungua mtoto wa kike huko Muleba mjini, na wote wawili ni wazima. Maharage yamechanua. Ng'ombe mwekundu amezaa, ila ndama hataki kusimama vizuri. Mwambie dada Joviana kwamba mume asiye na chumvi na chakula kisicho na chumvi ni mzigo mkubwa kwa mwanamke mmoja.

Vipimo nimechukua kwa uzi. Uzi wenyewe umo ndani ya bahasha, una mafundo matatu. Huyo wa kiume hajambo, amelala palepale chini ya nguo yake ya gome la mrumba, nami humpaka samli kila sikukuu kama mama mkwe alivyonifundisha.

Lakini nimeisoma barua yako nikaingiwa na baridi, na nitakwambia kwa nini. Mama mkwe alinieleza mwaka nilioolewa hapa. Alisema nyundo ya kike ililetwa nyumbani kama bibi arusi, ikaogeshwa, ikavishwa, ikapokelewa mlangoni kwa rubisi, pombe yetu ya ndizi, na kwa vigelegele, mahari ikaenda kwa wahunzi waliomfua. Kuanzia siku hiyo ni mke na mume. Na mwiko wake unaujua kuliko mimi. Ukimtaja mmoja mbele ya mgeni ukanyamaza juu ya mwenzake, umemtangaza mwenzake kuwa amekufa, na nyumba itaanza kuzika. Ndiyo maana baba mkwe, kwa miaka yote tangu ampoteze, hakusema "alipotea." Alisema "yuko safarini."

Mama mkwe aliongeza neno moja, nami nakupa kama alivyonipa: "Dawa ya mwiko huu ni kutowataja wote wawili." Kwa hiyo zungumza na watu wako wa Ulaya kuhusu chuma, shemeji. Zungumza kuhusu shaba na vita na sheria. Kuhusu nyumba hii usizungumze.

Nangoja jibu lako kabla hujawatafuta.

Wako,
Renatha


Nyanga, Bukoba
17 Machi 2024

Mpendwa shemeji Renatha,

Hongera kwa mjukuu. Joviana amemshonea kofia, ataituma na Avit. Mvua imelifungia lori lake upande wa pili wa daraja, kwa hiyo barua yako imenifikia jana. Nakueleza mpangilio wa mambo ili uelewe kwamba ilinifikia baada ya mazungumzo.

Nilizungumza na mtaalamu wao kwa simu ya picha dukani kwa Jayesh. Ni mama mwenye adabu na elimu. Nilimweleza fundo la kushoto, vita na urithi, hatua kwa hatua. Aliandika kila kitu. Akauliza kama nina picha ya nyundo hiyo ikiwa nyumbani kwetu, nikasema hatuna. Akauliza kama kuna shahidi aliyeiona ikichukuliwa, nikasema hakuna. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayejaza nafasi iliyobaki tupu, "Na ilikuwa peke yake?"

Sasa nifuatilie. Nilikuwa nimeshamtaja mke. Kunyamaza kungekuwa tangazo, na tangazo hilo lingekuwa la uongo, kwani mume yupo. Kujibu "ndiyo" kungekuwa uongo wa wazi. Nikajibu kwamba mwenzake yu hai. Akauliza anaishi wapi. Nikajibu: Ngenge, wilaya ya Muleba, katika nyumba ya ukoo, na kwamba kwa mila yetu hawa wawili hawapaswi kulala nyumba mbalimbali. Niliona kwamba hoja hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote.

Aliguswa. Alisema, "Hili ni jambo la thamani kubwa sana, Profesa." Alinishukuru mara kadhaa.

Nategemea waiondoe mnadani. Jayesh aliinuka mara tulipomaliza. Alifunga duka mapema.

Projestus


Ngenge, Muleba
14 Aprili 2024

Shemeji,

Pasaka ilipita salama. Mtoto amebatizwa, anaitwa Esther. Ndama alikufa. Nimekusalimu, sasa nisikilize.

Jumatano alikuja mgeni. Mtu wa makamo, Kiswahili chake safi kama cha redio, na viatu vyake havikuwa na vumbi ingawa gari aliliacha mbali. Alikuwa na Zahoro, yule anayezunguka vijijini akinunua mitungi ya zamani na sarafu za Wajerumani. Zahoro hakunitazama usoni.

Mgeni akasema, "Mama, nanunua vitu vya kale. Viti, ngoma, vyuma."

Nikamwambia, "Kitu cha kale hapa ni mimi. Utanibeba?"

Akacheka vizuri, kwa heshima. Akaomba maji. Nilipompa kikombe hakukitazama. Alikuwa akitazama darini, kisha pembe ya ndani, kisha sakafu. Akauliza, "Mzee wa nyumba yupo?"

"Amezikwa pale kwenye migomba."

"Pole sana, mama. Lakini simuulizii huyo." Akakirudisha kikombe kikiwa kimejaa. "Namuulizia mume. Nimeambiwa yu hai na anaishi hapa."

Projestus, katika kijiji hiki hakuna mtu anayejua kuzungumza hivyo. Majirani zangu wanadhani chini ya gome lile kuna dawa. Ephrasia, ambaye nimemzaa mwenyewe, hajawahi kumwona. Nilisema sielewi anachosema. Akaniambia, "Si neno, nitarudi utakapoelewa." Zahoro alipokuwa akitoka alinong'ona kwa Kihaya kwamba nisilale peke yangu.

Asubuhi nilimkuta mbwa wangu Simba amekufa mlangoni, mdomo una povu. Umri wote wa mbwa yule hakuwahi kuumwa.

Sikuulizi mengi. Nakuuliza jambo moja, na naomba unijibu bila kunifundisha. Nani amemwambia?

Renatha


Nyanga, Bukoba
28 Aprili 2024

Mpendwa shemeji,

Pole kwa ndama na kwa mbwa. Joviana anakusalimu na anasema njoo ukae kwetu.

Umeuliza swali lenye sehemu mbili, ingawa wewe unaliona moja: neno lilitoka wapi, na lilifikaje mlangoni kwako. Ya kwanza ina jibu unalolijua. Ya pili si yangu. Kati ya neno na matumizi yake huwa kuna mikono mingi.

Nitakueleza nilichokiona. Nyundo hawakuiondoa. Walichapisha orodha upya. Awali iliandikwa kwa mistari miwili, "nyundo ya mhunzi, Maziwa Makuu." Sasa ina ukurasa mzima. Fundo la kushoto limo. Vita vimegeuzwa kuwa "iliondoka katika eneo hilo." Mwishoni wameandika, nami natafsiri neno kwa neno: "Mwenzi wake wa kiume inaaminika bado yupo katika nyumba ya ukoo, Ngenge, Muleba. Kwa mila, wawili hawa hawapaswi kutenganishwa."

Nilimuuliza Jayesh maana ya hayo kibiashara. Alinijibu akiwa anafuta kioo cha saa, bila kuniangalia.

"Profesa, mimi huuza birika na vikombe. Kikombe kimoja ni kikombe. Seti ni seti. Sasa fikiria kuna seti moja tu duniani, nusu iko mezani, na wewe umewaelekeza kabati ilipo nusu ya pili. Atakayenunua hii lazima aitafute ile, la sivyo amenunua nusu."

"Nilisema ukweli," nikamwambia.

"Ndiyo, Profesa. Ukweli wako umewapandishia bei."

Ulikataza nisikufundishe, kwa hiyo nakupa maagizo tu. Hamia kwa Ephrasia. Mtoe huyo wa kiume nyumbani, umpeleke parokiani au popote penye mlango wa chuma. Nenda kwa mtendaji wa kijiji uandikishe ujio wa yule mtu na jina la Zahoro.

Kwa upande wangu, nimeamua kupanda dau. Jayesh ameniandikisha. Najua pingamizi, kwani nimelitunga mwenyewe: anayepanda dau amekiri kwamba kitu kinauzika, na kwamba anayekiuza ana haki ya kukipokelea malipo. Nikishinda, nitakuwa nimemlipia mahari mama wa nyumba yetu kwa watu waliomchukua. Nikikaa kimya, atachukuliwa tena mbele ya macho yangu. Sijapata nafasi ya tatu. Nimeitafuta kwa siku nyingi, na usingizi umeniacha.

Usikawie kunijibu.

Projestus


Nyanga, Bukoba
16 Juni 2024

Mpendwa Renatha,

Hujanijibu. Avit anasema aliiacha barua yangu ya Aprili kwa mama Asha kwa kuwa nyumba yako ilikuwa imefungwa. Ephrasia hapokei simu, kisha anapokea na kusema "mama hajambo" kwa sauti ya mtu anayesomewa la kusema. Joviana amekuwekea nia katika misa. Mimi sijui niweke nini.

Mnada ulifanyika Jumatano. Sikudhani kwamba jambo la kutisha linaweza kuwa la haraka hivyo. Mnadi wao ni kijana mwenye tai; huimba bei kama mtu anayesoma litania, na vitu vya karne nzima hupita mbele yake kama magunia. Ilipofika zamu yetu, picha ya nyundo ilijaa kwenye kioo cha Jayesh. Niliona alama ya dole gumba la babu kwenye shaba, kwa hakika niliiona.

Walianza wengi. Mmoja mmoja wakaacha. Tukabaki wawili, mimi na mtu aliyekuwa kwenye simu, ambaye hatukumwona. Kila nilipopanda alipanda papo hapo, bila kupumua. Jayesh aliniambia kwa upole, "Huyu hana kikomo, Profesa. Ameshahesabu vyote viwili." Kiwanja changu cha Nshambya nilikuwa nimeshakiuza moyoni. Kijana mwenye tai akatazama upande wa kamera, akatabasamu, akauliza kwa Kiingereza kama bwana wa Afrika angependa kujaribu tena. Jayesh aliuondoa mkono wangu kwenye kitufe. Nyundo ya mti ya yule mnadi ikagonga. Kwa kuwa mimi ni mtoto wa wahunzi, nilisikia aibu kwamba hata hukumu yetu imetolewa kwa nyundo.

Jana mgeni alikuja hapa Nyanga. Viatu safi. Ni yeye. Joviana alimpa kahawa kabla sijajua ni nani. Alisema anamwakilisha mnunuzi, na kwamba amekuja kwa adabu, kama mshenga. Alikuwa na ule ukurasa mkononi. Alinisomea sentensi yangu.

"Mzee, umesema wewe mwenyewe kwamba hawapaswi kulala nyumba mbalimbali. Sisi tunakubaliana nawe kabisa. Mke tunaye. Tunachoomba ni kutimiza mila yenu."

Nilimwambia kwamba mke huja kwa mume, wala mume hafuati.

Akasema, "Hilo hukulisema, mzee."

Akauliza mume yuko wapi sasa. Angalia neno hilo, Renatha. Alisema "sasa." Mtu husema "sasa" pale anapokuwa ametafuta mahali pa zamani akapakosa. Nilimwambia arudi baada ya wiki tatu. Aliponipa mkono aliushikilia kidogo kuliko desturi.

Nakuomba mstari mmoja tu. Uko hai?

Projestus


Muleba mjini
30 Juni 2024

Shemeji Projestus,

Niko hai. Mtoto Esther ameanza kucheka. Msalimu dada Joviana, mwambie hiyo nia ya misa imenifikia.

Jumapili ya Utatu Mtakatifu nilikwenda kanisani kama kawaida. Nilirudi nikakuta mlango umelala chini. Godoro wamelichana. Dari wameliteremsha. Kwenye kaburi la kaka yako udongo ulikuwa umefukuliwa hadi kwenye saruji, na migomba mitatu ya jirani na hapo wameing'oa na mizizi. Mtendaji alikuja, akaandika kwamba ni vijana wezi wa kuku. Kuku wangu wote walikuwepo, wakimtazama.

Hawakumpata. Nilikuwa nimemtoa tangu siku aliyokufa mbwa. Sikungoja maagizo yako, na nashukuru Mungu barua yako ilichelewa, kwa maana pale parokiani uliponielekeza ndipo walipokwenda kuuliza kesho yake.

Yuko mahali. Sitakwambia ni wapi. Najua neno hili litakuuma, na siliandiki ili likuume. Wewe ni mtu mwema, Projestus, nami nimekuheshimu tangu nilipoingia nyumba ile. Lakini ukiulizwa utajibu. Ndivyo ulivyoumbwa na ndivyo ulivyosomeshwa. Ukiulizwa vizuri na mtu mwenye elimu, utajibu kwa ukamilifu, kisha utamshukuru kwa kuuliza.

Mimi si damu ya wahunzi. Nilitolewa kwetu nikapokelewa mlangoni kwa vigelegele, sawa na yeye aliyechukuliwa. Kwa hiyo usiniambie kwamba sina haki ya kuamua. Katika ukoo huu ni mimi peke yangu ninayejua inakuwaje kuingia nyumba ya watu na kuambiwa kwamba kuanzia leo hapa ndipo kwenu.

Usinitafute kwa simu. Mlango wa Ephrasia tumeufunga kwa ndani tangu mchana, na gari la kijivu limepita mbele yake mara mbili.

Renatha


Nyanga, Bukoba
7 Julai 2024

Mpendwa Renatha,

Joviana anakusalimu. Amesimama dirishani nyuma ya pazia, ndiyo maana mwandiko wangu ni mbaya: kila anapopumua kwa nguvu nainua kichwa.

Uliyoyasema juu yangu nimeyapima kama ningepima hoja ya mwanafunzi, nikitafuta kasoro. Sijaipata.

Gari la kijivu liko nje ya ua wetu. Mgeni yule bado hajashuka. Anazungumza na simu. Barua hii ataichukua mtoto wa Jayesh kwa mlango wa nyuma. Ikifika imefunguliwa, mhamishe tena.

Ataniuliza mume yuko wapi. Nitajibu kwamba sijui, na kila neno la jibu hilo litakuwa la kweli. Atauliza nani anajua. Hapo ndipo ninapokwama, na hofu yangu yote iko hapo, kwa kuwa jibu ninalo, na jibu lina mlango na mtoto mchanga ndani yake. Nimejizoeza tangu alfajiri kusema "sijui" ya pili ifanane na ya kwanza. Joviana amenisikiliza na kusema zinatofautiana, hata mtoto angezitambua.

Tena nimewaza kwamba huenda kuna njia moja. Ningeweza kumwambia kwamba mume amekufa. Kwamba mliyeyusha chuma, kwamba hakuna wa kutafutwa, na yule waliye naye ni mjane. Angeniamini, maana ukurasa wake wote umesimama juu ya maneno yangu. Angeondoka. Mngelala salama. Lakini kwa mwiko wetu ningekuwa nimemtangaza, kwa kinywa changu, na wewe wajua nyumba hufanya nini baada ya tangazo hilo. Siuamini mwiko huo kama ninavyoamini hesabu. Hata hivyo sentensi hiyo sijaijizoeza.

Mlango wa gari umefunguka.

Kama uongo ndio utakaowalinda walio hai, na kama mwiko huua kweli, basi nikimtangaza huyo aliye mafichoni kuwa maiti, nani kati yetu atakayetangulia kuzikwa?

Projestus